Maganda

Mama yangu, Gudlaug, alimenya kamba miaka ishirini na sita
katika kiwanda cha ufukweni, Tromsø,
amesimama kwenye maji baridi, buti za mpira hadi magotini.
Nyama iliingia koponi. Maganda yalirudi baharini
kwa bomba, na ndege weupe wakayagombea.
Harufu ilimfuata mpaka kanisani.
Watu walisogea kidogo kwenye benchi, kwa adabu.

Mimi mwanawe nimeajiriwa kuyarudisha.

Yanakuja katika gunia, yamesagwa, yameoshwa kwa asidi na magadi,
unga mweupe usio na harufu wala kumbukumbu.
Jina lake kitosani. Profesa Aslaug huuita "mpiga hodi".

Maana pua, anasema, ni nyumba ya watu waungwana kupita kiasi.
Kila dakika inapitiwa na vumbi, chavua, moshi wa kuni,
manyoya ya paka, pumzi ya mtu usiyemjua ndani ya basi;
ingemgombeza kila apitaye, tungekufa kwa chafya.
Basi imejifunza kunyamaza.
Vinyweleo vinasukuma ute, ute unateleza kooni,
na robo saa haiishi, kilichoingia kimekwisha kumezwa.

Chanjo yetu nayo iliingia hivyohivyo,
kipande cha kirusi kisicho na meno,
ikagonga kwa ncha ya ukucha.
Hodi.
Ute ukaipitisha kama ulivyopitisha vumbi.

Panya wa kundi la kwanza: sifuri.
Wa kundi la pili: sifuri.
Mwezi Novemba jua likazama lisirudi, ndiyo kawaida ya huku,
nami nikaosha pua za panya chini ya taa,
nikaandika sifuri kwa kalamu ya buluu
mpaka wino ukakataa.

Sindano ya begani, naam, huijaza damu askari.
Lakini askari waliolala chumbani
hawamwoni mwizi aliyeketi barazani anakula.
Sisi tulitaka bawabu. Tulitaka kingamwili palepale penye ute,
pale adui anapovua viatu.

Tukachanganya unga wa maganda.
Una chaji chanya, ute una chaji hasi,
vikashikana kama ulimi wa mtoto na chuma chenye barafu.
Matone hayakupita. Yalikaa.
Yakalegeza kidogo mishono kati ya seli na seli,
yakamnong'oneza mlinzi:
amka, mtazame huyu vizuri, uishike sura yake.

Kumwamsha, si kumchoma. Hilo Aslaug halichoki kulisema.
Sote tunajua habari za kichocheo kilichopiga kelele mno puani,
watu wakaamka nusu ya uso imelegea,
jicho moja halifumbi, kahawa inavuja pembeni mwa mdomo.
Kwa hiyo tunapima. Kidogo. Punguza tena. Subiri.

Januari, wiki ile jua lilipochungulia juu ya mlima
na mji mzima ukala maandazi ya kulikaribisha,
sahani yenye vishimo tisini na sita ikageuka mbele yangu:
manjano, manjano, hapa na pale peupe, manjano.
Sikupiga kelele. Nilikuwa na sukari ya andazi kwenye kidole.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo,
ila mwenyeji asikie kwanza mlango.

Bado ni panya. Pua ya mtu ni nyumba nyingine,
ina mafua yake, ina uzee wake.
Aslaug ameandika "tuanze upya" ubaoni, akaipigia mstari.

Jumapili nilimpelekea Mama kichupa cha unga.
Siku hizi hukohoa; mvuke wa kamba ulimkaa kifuani.
Akavua miwani, akanusa mara mbili.
"Hakinuki kitu," akasema, kama aliyedhulumiwa.
Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia.
"Na wale ndege," akauliza,
"siku hizi wanakula nini?"